Runinga imeshika Wi-Fi lakini inasema hakuna intaneti, na jina la 5G halionekani kabisa

dada_wa_umoja | Jumamosi, saa 1:40 jioni

Hamjambo wadau. Naomba msaada wa runinga ya Android, inchi 43, ina miaka mitatu. Nyumba ni ya vyumba viwili, ghorofa ya tatu, hapa Umoja, Nairobi. Ruta ya faiba iko ukutani karibu na mlango wa kuingilia, na runinga iko chumba cha kulala cha mwisho. Katikati kuna kuta mbili za mawe na jikoni. Kifurushi cha intaneti ni cha kasi ya Mbps 15.

Stima ilipotea jana usiku ikarudi leo asubuhi. Tangu irudi, runinga inashika Wi-Fi, mawimbi mistari miwili kati ya minne, lakini chini ya jina imeandika imeunganishwa, hakuna intaneti. YouTube inafungua ukurasa mtupu. Netflix inatoa namba ya hitilafu. Simu yangu iko kwenye Wi-Fi hiyo hiyo na inafanya kazi.

Nimezima na kuwasha ruta mara tatu. Nimefuta mtandao kwenye runinga na kuandika nenosiri upya. Nimeunganisha runinga kwa hotspoti ya simu, data imewashwa na haijaisha, na hapo pia inasema imeunganishwa, hakuna intaneti.

Kuna mambo mengine mawili yaliyokuwepo hata kabla ya stima kupotea. Ruta ina majina mawili na moja linaishia na 5G. Simu inayaona yote mawili, runinga inaona moja tu. Halafu kuanzia saa mbili usiku video hugandaganda, kiduara kinazunguka, ilhali mchana ziko sawa.

Sijui kama hili linahusu: wiki tatu zilizopita fundi wa rangi alitoa antena ya dirishani na sikuirudisha, kwa sababu siku hizi tunatazama kwa intaneti peke yake. Watoto hufuata masomo ya hesabu humo jioni, ndiyo maana nina haraka.

rudisha_upya | saa 1:52 jioni

Dada, irudishe runinga kwenye hali ya kiwandani. Mipangilio, Mfumo, Kuhusu, kisha chagua kuweka upya. Dakika kumi tu, na shida nyingi za Wi-Fi huondoka hapo.

masafa_safi | saa 2:15 usiku

Hatujambo dada. Tafadhali usiirudishe kiwandani bado. Ukifuta kila kitu, runinga itaanza kwa kukuomba uingie kwenye akaunti ya Google, na bila intaneti haitaingia. Unaweza kukwama katikati ya usanidi ukiwa umepoteza hata vile vilivyokuwa sawa. Rudisha_upya hajakosea kwamba njia hiyo husaidia, ila ni ya mwisho, na wewe umetupa dalili za kutosha kuiepuka.

Dalili kubwa ni hotspoti. Hotspoti haipiti kwenye ruta yako hata kidogo: ni mtandao mwingine, nenosiri lingine, njia nyingine ya kutoka nje. Runinga ikishindwa kwa namna ile ile kwenye njia zote mbili, basi ruta yako haina kosa na kampuni ya faiba huna haja ya kuipigia. Tatizo limo ndani ya runinga. Tena si redio yake ya Wi-Fi, maana inashika mtandao vizuri.

Tazama saa ya runinga. Naamini utakuta tarehe si ya leo.

Runinga nyingi za bei ya kawaida hazina kibetri cha kutunza saa kama kile cha kompyuta. Ikiwa kwenye hali ya kusubiri, taa nyekundu ikiwaka, saa huendelea kuhesabu. Stima ikikatika kabisa, hesabu inapotea, na ikirudi lazima runinga iulize mahali fulani sasa ni saa ngapi. Inaweza kuuliza intaneti, au kuchukua saa kutoka kwa mawimbi ya matangazo yanayoingia kwa antena. Nadhani yako imewekwa ichukue kwa antena. Antena imetolewa wiki tatu zilizopita, stima haikupotea kwa muda wote huo, kwa hivyo hukuona chochote. Jana ndipo ilipopotea.

Sasa kwa nini saa izuie YouTube? Kila huduma ya intaneti ya siku hizi humwonyesha mteja cheti cha usalama, na cheti kina tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Runinga inayoamini kwamba leo ni mwaka 1970 inaona cheti ambacho hakijaanza kutumika, inakikataa, na mazungumzo yanakatika papo hapo. Hata jaribio la Android la kuangalia kama intaneti ipo hupitia njia hiyo ya cheti. Ndiyo sababu inaandika hakuna intaneti wakati intaneti imo tele.

Mwaka 1970 sijautoa hewani. Mfumo huu huhesabu sekunde tangu saa sita usiku ya 1 Januari 1970 kwa saa za Greenwich. Nairobi iko saa tatu mbele, kwa hivyo runinga isiyo na saa huanzia 3:00, yaani saa tisa usiku, ikasonga kutoka hapo. Nyingine huanzia tarehe programu yake ilipoundwa, kwa mfano mwaka 2019 au 2021. Hizo ndizo hudanganya watu, kwa sababu tarehe inafanana na ya kweli usipoangalia mwaka.

Fanya hivi:

1. Fungua Mipangilio, Mapendeleo ya Kifaa, Tarehe na Saa. Menyu ikiwa kwa Kiingereza ni Settings, Device Preferences, Date & time. Kwenye Google TV iko chini ya System.
2. Kwenye saa ya kujiweka yenyewe utaona chaguo la mtandao, la matangazo (huandikwa "broadcast" au "transport stream") na la kuzima. Chagua la mtandao.
3. Weka eneo la saa liwe Nairobi, GMT+3.
4. Subiri dakika mbili. Tarehe isipobadilika, zima saa ya kujiweka, kisha andika tarehe na saa kwa mkono. Runinga ikiwa kwenye saa 24, saa mbili na robo usiku ni 20:15. Watu wengi huandika 2:15 na kuiacha hapo.
5. Zima Wi-Fi ya runinga, iwashe tena, kisha fungua YouTube. Ikishafunguka, rudisha saa kwenye chaguo la mtandao, la sivyo stima ikipotea tena utarudi hapa hapa.

Neno moja kuhusu simu. Ukisema "simu inafanya kazi kwenye Wi-Fi hiyo hiyo", hakikisha data ya simu umeizima. Wi-Fi ikiwa haina intaneti, simu huhamia kwenye data kimya kimya na kukufanya uamini Wi-Fi ni nzima. Kipimo cha haki ni data kuzimwa kabisa.

Na anayesoma hapa ambaye tarehe yake iko sawa, atazame anwani ya IP (namba ya kifaa kwenye mtandao) kwenye ukurasa wa hali ya mtandao wa runinga. Ikianza na 169.254, runinga iliomba anwani na ruta haikujibu, ikajipa yenyewe. Zima ruta dakika moja, iwashe, ungoje taa ya PON (ya laini ya faiba) itulie kabla ya kuwasha runinga. Anwani ikiwa ya kawaida, 192.168 na kuendelea, na bado hakuna kitu, badilisha DNS, huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani: 8.8.8.8 ya kwanza, 1.1.1.1 ya pili. Kwenye Android itabidi uweke mipangilio ya IP iwe ya kudumu ndipo uruhusiwe kugusa DNS. Lango (gateway, yaani anwani ya ruta yenyewe) lichukue kwenye simu yako, usikisie, maana ruta moja hutumia 192.168.1.1 na nyingine 192.168.100.1. Penye urefu wa kiambishi (prefix length) andika 24. Ukimaliza jaribio na DNS haikuwa shida, rudisha kwenye DHCP (ruta igawe anwani yenyewe), vinginevyo siku moja ruta itampa mtu mwingine anwani hiyo hiyo na vifaa viwili vitaanza kugombana.

dada_wa_umoja | saa 2:38 usiku

Masafa_safi, Mungu akubariki. Imesema 1 Januari 1970, saa 11:26 jioni. Saa ya kujiweka ilikuwa kwenye "transport stream". Nimeweka ya mtandao, haikubadilika kwa dakika mbili, nikaandika kwa mkono 20:31, nikazima na kuwasha Wi-Fi. Maneno ya hakuna intaneti yameondoka chini ya dakika moja na YouTube inacheza. Saa nimeirudisha kwenye mtandao na safari hii imekubali.

Yamebaki yale mawili: jina la 5G halionekani, na kugandaganda kwa usiku. Hata sasa hivi imeganda mara mbili.

antena_ya_nyuma | saa 3:10 usiku

Dada, hayo mawili ni mambo ya mawimbi na yanaenda pamoja.

Nianze na 5G. Hiyo "5G" kwenye jina la Wi-Fi ni bendi ya 5 GHz, haihusiani na 5G ya kampuni za simu. Runinga isipoiona kuna sababu mbili za kawaida. Ya kwanza, haina redio hiyo. Tazama kibandiko cha nyuma, kijitabu, au ukurasa wa vipimo vya modeli yako mtandaoni. Kwenye mstari wa Wi-Fi ikiandikwa 802.11 b/g/n peke yake, chukulia kwamba ni ya 2.4 GHz tu na hakuna mpangilio utakaobadilisha hilo. Ikiwa na herufi a au ac ndani yake, 5 GHz imo.

Sababu ya pili ni chaneli, yaani njia ndogo ndani ya bendi. Kwenye 5 GHz, chaneli 52 hadi 64 na 100 hadi 144 hutumika kwa pamoja na rada, zikiwemo rada za hali ya hewa. Ruta ikitaka kukaa huko lazima isikilize kwanza, na ikisikia rada ihame. Simu nyingi zinajua kufuata utaratibu huo, lakini runinga nyingi haziangalii chaneli hizo kabisa. Ruta iliyoachwa ichague yenyewe inaweza kuhamia huko usiku mmoja, na asubuhi jina limetoweka kwenye runinga huku kwenye simu lipo. Ingia kwenye ruta, bendi ya 5 GHz, toa chaneli kwenye otomatiki na uweke 36, 40, 44 au 48.

Kuingia: simu ikiwa kwenye Wi-Fi, andika anwani ya lango kwenye kivinjari. Jina la mtumiaji na nenosiri la kuingilia viko kwenye kibandiko chini ya ruta, na nenosiri hilo si lile la Wi-Fi. Kama kampuni imefunga ukurasa huo, wapigie uwaombe wakubadilishie chaneli. Ni kazi wanayoweza kufanya wakiwa ofisini.

Ukiwa humo, tazama pia aina ya usalama. WPA2-PSK yenye AES ndiyo inayoeleweka na karibu kila runinga. Ikiwa WPA3 peke yake, runinga ya zamani itakataa nenosiri hata ukiandika sawasawa, na utajilaumu bure.

Lakini nikuambie ukweli kabla hujafurahia 5 GHz: kuta mbili za mawe si mchezo. Nyumba zetu nyingi hapa mjini ni za mawe ya kuchongwa na slebu yenye vyuma, na 5 GHz hufifia ukutani haraka kuliko 2.4 GHz. Pima kwanza. Weka kwenye simu programu ya kupima Wi-Fi, simama pale runinga ilipo, simu iwe nyuma ya runinga na si mbele yake, maana antena za runinga ziko nyuma, mara nyingi kwenye pembe za chini, na paneli yenyewe pamoja na chuma cha kuning'inizia huzuia. Soma namba ya dBm, kipimo cha nguvu ya mawimbi. Ni hasi, na kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo mawimbi yalivyo na nguvu. Kwa video, -67 au bora zaidi ni salama. Kwenye -70 na kitu utaona kugandaganda. -80 mtandao utakuwa unakatika.

Sasa kugandaganda kwa usiku. Mchana sawa, saa mbili usiku mbaya: hiyo ni tabia ya msongamano, na katika ghorofa za Umoja, Pipeline au Zimmerman msongamano huwa hewani kabla ya kuwa kwenye faiba. Fungua ile programu ya kupima usiku huu uhesabu majina. Yote yamebanana kwenye 2.4 GHz, ambayo ina chaneli tatu tu zisizogusana: 1, 6 na 11. Hizo namba za katikati si nafasi tupu. Chaneli zimepangwa kila MHz 5, lakini mtandao mmoja hukalia takriban MHz 20, kwa hivyo anayekaa chaneli 4 anaingilia 1 na 6 zote mbili.

Hapa watu hukosea kwa nia njema. Wanaona 1, 6 na 11 zimejaa, chaneli 3 haina mtu, wanahamia 3. Ni afadhali ukae chaneli 6 pamoja na jirani. Ruta mbili zilizo kwenye chaneli moja zinasikiana na hupeana zamu. Zikigusana nusunusu, hakuna anayemwelewa mwenzake, kila mmoja ni kelele kwa mwingine, na data inatumwa mara mbili mbili.

Kwa hiyo kwenye bendi ya 2.4 GHz: upana uwe 20 MHz, si 40 na si otomatiki. Chaneli iwe ile kati ya hizo tatu ambayo majirani wake wana namba dhaifu zaidi. Usihesabu majina tu. Majirani watano wa -85 hawakusumbui kama mmoja wa -50 aliye upande wa pili wa ukuta.

Kisha pima kwa YouTube yenyewe. Video ikicheza, fungua gia, chagua "Stats for nerds". Utaona kasi ya muunganisho na "Buffer Health" kwa sekunde. Hiyo ya pili ndiyo akiba ya video iliyokwisha kufika. Ikiwa inapanda hadi sekunde 20, 30 na kukaa, uko sawa. Ikishuka pole pole hadi sifuri, kiduara kitakuja. Mbps 15 zako zinatosha: Netflix hupendekeza Mbps 5 kwa 1080p na 15 kwa 4K. Runinga yako ikiwa ya 4K na simu tatu ziko kazini, iteremshe iwe 1080p na inchi 43 hutaona tofauti kubwa ukiwa kitandani.

Kama kuna tanuri la maikrowevu jikoni, jua kwamba liko njiani kabisa na hufanya kazi karibu na 2.45 GHz. Likiwaka, video itayumba kwa dakika hizo mbili tatu. Friji na tangi la maji nazo huzuia. Ruta isikae nyuma ya vitu hivyo.

waya_kwanza | saa 3:34 usiku

Yote aliyosema antena_ya_nyuma ni sahihi, na mimi nasema runinga isiyosogea haina haja ya Wi-Fi. Vuta waya wa mtandao (Ethernet). Jirani awe na ruta kumi, hazitakugusa.

Pima njia ya waya kwa kamba: kutoka kwenye ruta, juu ya fremu ya mlango, kando ya dari hadi nyuma ya runinga. Usipime hewani kwa macho. Nunua Cat 5e, inatosha kabisa, mwisho wake ni mita 100 nawe huenda hufiki 20. Pale Luthuli Avenue utauziwa aina mbili zinazofanana kwa nje: ya shaba tupu, na ya alumini iliyopakwa shaba. Kwangua uzi mmoja kwa wembe. Ukiona rangi ya fedha ndani, ni alumini. Inavunjika kwenye kona na kwenye plagi. Mwambie muuzaji unataka shaba.

Ukifungiwa plagi dukani ni rahisi zaidi, lakini plagi haipiti kwenye tundu dogo la ukuta. Ukifunga mwenyewe, fuata mpangilio wa rangi unaoitwa T568B, ndimi za chuma za plagi zikikutazama na waya ukielekea chini, kutoka kushoto: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Pande zote mbili ziwe hivyo hivyo. Kosa la kawaida ni kuziweka jozi zikifuatana, kijani na mwenzake pamoja. Waya utapita jaribio la kugusa lakini mtandao utayumba, kwa sababu nafasi ya 3 na ya 6 lazima ziwe jozi moja iliyosokotwa. Nyuzi zinyooshwe, zikatwe sawa zibaki kama sentimita 1.3, na ganda la nje liingie ndani ya plagi ili kile kibano kilikamate ganda. Kikikamata nyuzi tupu, mtu akiuvuta waya kidogo plagi inachomoka.

Usiupitishe kwenye bomba moja na nyaya za stima. Zikikutana zivuke kwa pembe mraba, zisitembee bega kwa bega.

Ukichomeka, taa ya tundu hilo kwenye ruta iwake. Zima Wi-Fi ya runinga ili isichague yenyewe. Usishtuke kipimo cha kasi kikigota kwenye Mbps 90 na kitu hata siku ukinunua kifurushi kikubwa: tundu la mtandao la runinga nyingi ni la Mbps 100. Kwa filamu ya 4K inayotaka 15 hiyo ni nafasi ya kutosha, na haitikisiki.

Usijaribu kusogeza ruta mwenyewe kwa kuuvuta ule waya mwembamba wa faiba. Ndani ni kioo. Ukiukunja kwa kona kali, taa ya LOS (ya kupotea kwa mawimbi ya faiba) itawaka nyekundu na utakaa bila intaneti hadi fundi aje.

Wale watakaokushauri kifaa cha kurudia mawimbi: kinasaidia, ila kile cha bei ya chini kina redio moja inayopokea na kutuma kwa zamu kwenye chaneli ile ile, kwa hivyo kasi hushuka hadi karibu nusu. Na watu hukiweka karibu na runinga, mahali ambapo mawimbi yameshachoka. Kinatakiwa katikati, mahali simu bado inasoma -60 au bora kidogo. Kwa dada ni jikoni, mbali na friji.

bedsita_pipeline | saa 3:51 usiku

Samahani kuingilia. Sisi wa Wi-Fi ya vocha tufanyeje? Simu nikiunganisha inaleta ukurasa, nalipa kwa M-Pesa, inafunguka. Runinga inashika jina bila nenosiri lakini ule ukurasa hauji. Saa nimeangalia, iko sawa.

masafa_safi | saa 4:06 usiku

Hujaingilia, kaka. Ni tatizo lingine lenye maneno yale yale kwenye kioo.

Mtandao wa vocha hukuruhusu kushika mawimbi, kisha hukuzuia mlangoni hadi kifaa kiandikwe kwenye orodha ya waliolipa. Kinachoandikwa ni anwani ya MAC, namba ya utambulisho ya redio ya kifaa. Simu yako imeandikwa, runinga haijaandikwa. Simu huonyesha ukurasa kwa sababu imeundwa kuutafuta. Runinga nyingi haziutafuti.

Kama runinga ina kivinjari, kifungue na uandike anwani yoyote ya http isiyo na s, kwa mfano http://neverssl.com, ambayo iliundwa kwa kazi hii hasa. Mlango utakugeuza hadi ukurasa wa kulipia. Ukiandika anwani ya https haitakugeuza, italeta onyo la cheti tu. Ingiza vocha hapo kwa rimoti. Vocha nyingi ni za kifaa kimoja, kwa hivyo usiitumie ile iliyokwisha kuingizwa kwenye simu.

Ikiwa haina kivinjari, soma MAC ya Wi-Fi kwenye ukurasa wa Kuhusu au Hali ya runinga: ni jozi sita za tarakimu na herufi zilizotenganishwa kwa nukta mbili. Mpelekee mwenye mtandao pamoja na malipo yako, aiweke moja kwa moja. Kwenye mitambo wanayotumia ni kazi ya dakika moja, na ndiyo njia iliyo tulivu kuliko zote kwa sababu MAC ya runinga kwa kawaida haibadiliki. Ya simu hubadilika: Android na iPhone za sasa hutumia MAC ya kubuni kwa kila mtandao, na ukiufuta mtandao ukauunganisha upya, unaweza kuambiwa vocha yako inatumika na mtu mwingine, kumbe ni wewe.

Simu nyingine za Android huweza kupokea Wi-Fi na kuigawa kwa hotspoti wakati huo huo. Jaribu, ila weka hotspoti kwenye 2.4 GHz, na kwa iPhone inayogawa data washa "Maximize Compatibility", la sivyo runinga ya 2.4 haitaiona. Fahamu tu kwamba baadhi ya wenye mitandao ya vocha huzuia kugawa kwa makusudi. Ukikuta simu inacheza na kilicho nyuma yake hakipati kitu, ni hilo. Zungumza naye akuambie bei ya vifaa viwili.

bedsita_pipeline | saa 4:20 usiku

Kivinjari kipo. Anwani hiyo imeleta ukurasa mara moja. Nimenunua vocha ya pili, inacheza. Asante sana kaka.

dada_wa_umoja | Jumapili, saa 5:15 asubuhi

Narudisha majibu. Kwenye kibandiko imeandikwa a/b/g/n/ac, kwa hiyo 5 GHz imo. Ruta ilikuwa chaneli 100. Nimeweka 40 na jina limeonekana kwenye runinga papo hapo. Lakini nyuma ya runinga simu inasoma -76 kwa 5 GHz, kama alivyosema antena_ya_nyuma kuhusu kuta. Kwa 2.4 GHz inasoma -63.

Nimebaki kwenye 2.4. Ilikuwa chaneli 4, upana 40. Chaneli 1 ina jirani wa -48, 6 ina wa -55, 11 wa karibu zaidi ni -71. Nimeweka 11 na upana 20. Jana saa nne unusu usiku hadi saa tano haikuganda, Buffer Health ilikuwa kati ya 18 na 35. Mara moja ilishuka hadi 6 nilipokuwa napasha chakula.

Njia ya waya nimepima kwa kamba, mita 14. Ninunue 15?

waya_kwanza | saa 5:40 asubuhi

Nunua 16, dada. Mita moja ibaki imezungushwa nyuma ya runinga ili uweze kuitoa ukutani bila kuchomoa, na moja upande wa ruta kwa ajili ya kukata plagi upya ikiharibika. Kwenye kona ya jikoni usiukunje kwa pembe kali, uzungushe kwa upana wa kutosha.